Kona ya Nyuma ya Kiwanja

Kindu, tarehe 3 Septemba 2002

Mdogo wangu Halima,

Assalam aleikum. Nakusalimu kwa karatasi hii ya Msalaba Mwekundu, ambayo ni nyembamba na ina masharti. Bwana anayezigawa ametuambia: habari za familia tu, hakuna vita, hakuna majina ya wakubwa, na haifungwi kwenye bahasha, kwa sababu itasomwa huku kwetu na itasomwa tena huko kwenu. Kwa hiyo nakuandikia mbele za watu.

Sisi tuko. Mke wangu Rehema alijifungua mwezi wa saba, mtoto wa kike, salama. Nyumba ya udongo ya marehemu Baba bado imesimama, ingawa imeanza kuegemea upande.

Mama yetu ametutoka tarehe 27 Agosti, mchana, kwa homa. Hakuteseka sana. Tumefanya yote yanayotakiwa kufanywa. Usilie peke yako, tafuta mtu wa kulia naye.

Karatasi imekwisha.

Kaka yako, Sumaili


Lubumbashi, tarehe 11 Desemba 2002

Yaya Sumaili,

Aleikum salaam. Karatasi yako imefika leo. Nimelia na jirani yangu Mama Tshiela, mtu wa Kasai. Hakumjua Mama yetu hata kwa sura, lakini alilia vizuri kuliko mimi, mpaka nikaanza kumbembeleza yeye.

Mimi ni mzima. Nimepata kazi katika ofisi ya mipango ya mji, napokea ramani za nyumba na kuangalia kama zinafuata sheria. Nyingi hazifuati. Mtoto mmempa jina gani?

Swali langu ni moja tu. Mama amezikwa makaburi yapi? Nikimwombea nataka nijue niwaze mahali gani.

Mdogo wako, Halima


Kindu, tarehe 20 Machi 2003

Mdogo wangu Halima,

Assalam aleikum. Tumefurahi kusikia una kazi. Mtoto anaitwa Zaina, jina la Mama. Ana meno mawili na anauma kila anayempenda. Rehema anakusalimu.

Kuhusu swali lako, mihogo ya kona ya nyuma imeota vizuri mwaka huu.

Karatasi imekwisha.

Kaka yako, Sumaili


Lubumbashi, tarehe 14 Februari 2024

Yaya Sumaili,

Assalam aleikum. Mumeamkaje huko? Rehema mgongo wake umepoa? Na Zaina, mume wake bado anapika mchele kule Kibombo au sasa anaulima? Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Mwaka ujao nastaafu, na ofisini wameanza kuniamkia kwa furaha ambayo sijaizoea.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ina tabia. Nikikuuliza habari za mvua, mtandao ni safi. Nikikuuliza habari za kiwanja, unakatika. Barua haikatiki. Namkabidhi Kanyinda wa reli. Ameapa kwamba treni ikianguka njiani ataileta kwa miguu, na kwa jinsi ninavyoijua ile treni, si kiapo kidogo.

Nimeona picha aliyonitumia Zaina. Msalaba mwekundu, safari hii wa rangi, kwenye ukuta wa nyumba ya Baba. Maana yake naijua vizuri, nimeagiza upakwe kwenye nyumba za watu kwa miaka ishirini. Mwenye kiwanja mjini ana wajibu wa kisheria kukijenga kwa vitu vya kudumu, yaani matofali ya kuchoma na saruji, tena kwa kibali. Nyumba ya udongo inayoanguka haihesabiwi. Mumepewa hadi mwisho wa Septemba kuwa na kibali na msingi uliochimbwa. La sivyo, kiwanja kinarudi kwa Serikali. Na kiwanja kile bado kiko kwa jina la Mama. Kikienda, kimekwenda, na hakuna shangazi wa kumlilia.

Ramani nitaichora mwenyewe. Vyumba vinne: chenu wewe na Rehema, cha Zaina na mumewe, cha wageni, na changu nikistaafu. Nimechoka kuishi mahali ambapo nikisema jina la mtaa wetu watu huniuliza ni nchi gani.

Sheria inataka nyumba ikae mita tano kutoka barabarani, kwa hiyo itasogea nyuma kuliko ile ya Baba. Inataka pia ramani ionyeshe kila kitu kilichomo kiwanjani, hata kisiki. Niandikie kila kitu. Unanijua, Yaya. Binamu yetu Aboubakar alipojenga huku nilimbomolea ukuta kwa sentimita arobaini, na hadi leo akinipa mkono wa Idi anaangalia pembeni.

Mdogo wako, Halima


Kindu, tarehe 17 Machi 2024

Mdogo wangu Halima,

Aleikum salaam. Mgongo wa Rehema umepoa ila hataki tujue. Mume wa Zaina sasa analima mchele, na anaupika pia, tunamshukuru Mungu. Lualaba imejaa. Boti ziko, bidhaa hazipo, au bidhaa zipo na boti hazipo, inategemea na wiki.

Umeuliza kilichomo kiwanjani. Kuna nyumba inayoanguka. Kuna choo. Kuna kisima, ambacho maji yake ni mazuri ukiyaacha yatulie. Kuna mpapai dume usio na faida yoyote, lakini umetuzoea. Kwenye kona ya nyuma, upande wa jirani wa kushoto, kuna mihogo.

Kona ile isichimbwe. Nimeulizia mjini, na wataalamu wameniambia kuna sheria inayokataza kuchimba msingi majira ya mvua. Wewe bila shaka unaijua.

Kaka yako, Sumaili


Lubumbashi, tarehe 8 Aprili 2024

Yaya,

Assalam aleikum. Salamu zenu nimezipata na mchele pia, Kanyinda amekula kidogo njiani, amekiri mwenyewe.

Sheria hiyo siijui, kwa sababu haipo. Kindu mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Ingekuwepo, hapo mjini pangekuwa na mto na reli tu.

Naambatanisha ramani. Utaona kwamba ukiacha mita tano za barabarani, chumba changu kinaangukia kona ya nyuma, juu ya mihogo. Ng'oeni mihogo, muile. Mwite fundi Jérôme aanze kupima. Ramani ikirudi na maoni yako naipeleka kuombewa kibali.

Halima


Kindu, tarehe 6 Mei 2024

Mdogo wangu Halima,

Assalam aleikum. Barua imechelewa kwa sababu treni ililala porini wiki nzima. Ramani yako imelowa upande wa choo, kwingine inasomeka. Rehema anauliza kama magoti unayapaka mafuta ya mawese au unayaacha tu.

Jérôme alikuja na kamba yake. Alipofika kona ya nyuma alipiga mguu chini mara mbili akafurahi. "Papa Sumaili," akasema, "hapa njo pazuri. Udongo iko nguvu. Juu ya nini hautaki?" Nikamwambia kuna sheria inayolinda mimea ya chakula. Akaniambia hajawahi kuisikia. Nikamwambia yeye ni fundi, hawezi kusikia sheria zote. Akakunja kamba akaenda kunywa chai ya Rehema, na nikawasikia wakinisema.

Sasa naona nikuambie sababu yenyewe. Unakumbuka wakati wa vita kila nyumba ilizika vitu vyake uani: baiskeli, redio, sufuria za harusi. Askari nao walijua. Walikuwa wakipita na fimbo za chuma wanadunga kila mahali penye udongo mpya. Aliyekuwa na akili alipanda mihogo juu siku ileile, akaimwagia maji, akaomba Mungu. Basi na sisi tulifanya hivyo. Pale chini kuna cherehani ya Mama. Sitaki iguswe, ni ukumbusho.

Kaka yako, Sumaili


Lubumbashi, tarehe 29 Mei 2024

Yaya Sumaili,

Assalam aleikum. Magoti nayapaka mawese, mwambie Rehema, na ofisi nzima inajua.

Cherehani ya Mama alinipa mwenyewe mwaka 1997 nilipopanda treni kuja kuolewa huku. Wewe ndiye uliyeibeba hadi stesheni na ukalalamika mkono. Iko hapa nyuma yangu. Nimeweka televisheni juu yake.

Yaya, mihogo hukaa ardhini mwaka mmoja, ikizidi sana miwili. Nyinyi mmeipanda kona ileile kwa miaka ishirini na miwili, na Zaina ameniambia hamjawahi kuila. Inang'olewa inagawiwa wapita njia, halafu unapanda tena. Alipokuwa mdogo alidhani ina sumu.

Ile karatasi yako ya mwaka 2003 ninayo. Uliandika imekwisha. Nusu yake ni nyeupe.

Sikulazimishi. Lakini mwisho wa Septemba hautatuuliza kama tuko tayari. Mimi kazi yangu ni kuweka sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba ramani hii imeonyesha yote yaliyopo, na katika maisha yangu sijawahi kuweka sahihi hiyo kwa uongo, hata kwa wakubwa waliokuja na mbuzi. Niandikie kilichopo kona ya nyuma. Neno moja linatosha.

Mdogo wako, Halima


Kindu, tarehe 24 Juni 2024

Mdogo wangu,

Mama.

Nilitaka niishie hapo kama ulivyosema, lakini neno moja halitoshi.

Siku ile njia ya makaburini ilikuwa imefungwa. Ng'ambo ya reli walikuwa hawa, huku walikuwa wale, na aliyetoka mjini hakurudi. Tulingoja asubuhi nzima labda patulie. Joto lilikuwa kali, Halima, na Mama hakustahili kungojeshwa. Rehema na mama mmoja jirani walimwosha jikoni. Sanda ilikuwa shuka ya harusi ya Rehema, ile nyeupe, aliitoa bila kuulizwa. Tulikuwa wanaume wanne. Mzee Soudi wa msikiti wetu alisali kwa sauti ndogo sana, nikawa naona midomo tu. Hatukuweka jiwe wala kijiti. Ungeweka kijiti, kesho yake wangekuja na fimbo zao wakidhani tumezika mali. Kwa hiyo kabla ya jioni nilipanda mihogo juu ya mama yangu, nikaimwagia maji.

Walikuja kweli. Walisimama pale. Mmoja aliuliza, "Huyu muhogo mulipanda lini?" Rehema akajibu, "Ya zamani hii, haioti muzuri." Wakaenda kwa jirani.

Kwenye ile karatasi ningeandikaje? Ingesomwa. Na vita vilipokwisha, nilijiambia nitakuandikia ukitulia, halafu ukawa na kazi, halafu ukafiwa na mume, halafu ikawa aibu kwa sababu nimekawia. Askari wameondoka siku nyingi. Hakuna tena wa kumficha. Lakini kila msimu nashika jembe naenda kupanda, nikiacha naona kama nimemvua shuka.

Ninaogopa, mdogo wangu. Ukimwonyesha kwenye ramani, watasema sheria hairuhusu kaburi ndani ya kiwanja cha kuishi, watakuja na amri wamchimbue, yule niliyemficha askari nimtoe mwenyewe kwa wenye kalamu. Usipomwonyesha, utakuwa umeweka sahihi ya uongo, na wewe siyo mtu huyo. Na tusipojenga, kiwanja kinakwenda naye yumo ndani. Nimeligeuza hili jambo pande zote na kila upande una ncha. Niambie tufanye nini.

Sumaili


Lubumbashi, tarehe 19 Julai 2024

Yaya wangu,

Assalam aleikum. Mshukuru Rehema kwa ajili ya ile shuka. Mimi nitamshukuru tena nikifika, kwa mdomo, na nitalia, awe tayari.

Nilijua. Nilijua tangu ile mihogo ya kwanza. Nani anaulizwa makaburi akajibu mihogo? Sikuuliza tena, na kila mwaka nilipata sababu ya kutokuja. Nilijiambia kwamba maadamu hujaandika, basi Mama hajazikwa bila mimi. Nimekuwa nikiwabomolea watu kuta kwa sentimita arobaini, huku mwenyewe naogopa mita mbili za mihogo. Haya, tumeandikiana. Imekwisha.

Sasa kazi. Sheria inakataza kujenga au kuchimba ndani ya mita tatu kutoka mpaka wa jirani. Kwa vipimo vya Jérôme, Mama yuko nje kidogo tu ya hizo tatu, kwa hiyo sheria haimlindi. Hapo ndipo chumba changu kilipokaa. Nimekifuta. Nyumba sasa ina vyumba vitatu na iko mbali na yeye, na mimi nikija nitalala chumba cha wageni, ambacho kwa miaka hii yote ndicho kinachonistahili.

Kona yenyewe nimeizungushia mstari na kuandika: *Mahali pasipochimbwa*. Ni kweli, hata mbele ya Mungu. Ni mara ya kwanza naandika kwenye ramani pungufu ya ninachokijua. Mstari umepinda kidogo, usinicheke. Mkaguzi akiuliza kwa nini hapachimbwi, mwambie aliyechora amekataa, na anwani yangu iko chini ya ramani.

Kuna wajibu mwingine ambao watu wa Kindu huupuuza, sitaki nyinyi muupuuze. Sheria inadai kibao cha kazi, kisimamishwe tangu siku ya kwanza ya ujenzi, kisomeke kutoka njiani: jina la mwenye kiwanja, namba ya kibali, jina la mchoraji. Wengi hukiweka mbele. Lakini kiwanja chetu kina barabara mbele na njia ya watu wa miguu nyuma, na sheria haisemi njia ipi. Kiwekeni kona ya nyuma, upande wa kichwa chake. Mwenye kiwanja bado ni Mama: Zaina binti Ramazani. Herufi ziwe kubwa, nyeusi kwenye nyeupe. Wajukuu wasome.

Kibao hicho hutolewa kazi ikikamilika. Kile kifungu nimekisoma miaka mingi kwa faida ya Serikali, na juzi nilikisoma kwa faida yangu. Kinasema kazi imekamilika pale ukuta wa mwisho unapopakwa rangi.

Yaya, nadhani tumeelewana.

Mdogo wako, Halima


Kindu, tarehe 12 Oktoba 2025

Mdogo wangu Halima,

Assalam aleikum. Tangu uondoke Rehema hajaacha kukusema, mara unalala sana, mara chumba cha wageni kimepoa. Maana yake urudi haraka, na magoti yako uyalete. Mtoto wa Zaina anatambaa, anaitwa jina lako, na ameanza kukataza watu vitu.

Nyumba haivuji. Msalaba mwekundu ulianguka pamoja na ukuta wake. Mihogo sijapanda msimu huu. Siku za kwanza mikono ilikuwa haijui pa kukaa, nikawa nafagia pale asubuhi, nasoma kibao, naingia ndani.

Ofisi imetuletea mkaguzi mpya, kijana mpole anaitwa Roger. Alizunguka nyumba na karatasi zake, akasifu msingi, akasifu choo, akapita kona ya nyuma, akasimama mbele ya kibao. Akakisoma chote, mpaka jina lako. Halafu akauliza, "Papa, kazi iko karibu kuisha. Ile mukuta moja ya nyuma, munapaka rangi lini?"

Nikamwambia, "Rangi njo tunangojea, mwanangu."

Akaandika hivyo. Atapita tena mwakani.

Debe la rangi liko chini ya kitanda changu. Nimeliweka upande wa kichwani, karibu na viatu, lisije likapotea.

Kaka yako, Sumaili